Upepo Uliobaki kwenye Haisi ya Bi Mwajuma

Vijana wa gereji,

Mtanisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama zimechoka, na kuna mahali nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika spana zaidi ya kalamu. Mkikuta neno limekosewa, msinicheke sana, lisomeni kwa sauti, labda litajulikana. Mjukuu wangu alitaka kuniandikia kwenye simu, nikakataa. Angenisahihisha, na mimi nikisahihishwa sana nanyamaza.

Najua mlinialika nije niwaeleze habari za breki. Nikajibu nitakuja. Siku ile nilifika mpaka kwenye kibanda cha chipsi mkabala na gereji, nikawaona mmekaa juu ya matairi, wengi, mnaangalia njia. Nikanunua chipsi, nikarudi nyumbani. Chipsi zenyewe zilikuwa za baridi. Ndiyo maana naandika.

Nimefanya ufundi wa magari hapa Kibiti tangu ujana mpaka magoti yalipokataa kuingia chini ya gari. Nisiseme uongo, kuingia yaliingia. Kutoka ndiko kulikuwa na taabu. Mara ya mwisho walinivuta kwa miguu kama gunia la mkaa, mteja akiwa amesimama anaangalia. Nikaona hapo pametosha.

Sasa breki. Siku hizi nawaona mnachomeka kidude kwenye gari na kusubiri kiwaambie ugonjwa. Sikatai, kidude ni kizuri. Lakini bado kuna haisi za zamani nyingi zinazokwenda Nyamisati na kurudi, na hizo hazina pa kuchomeka kitu. Kwa hizo unahitaji mguu.

Mguu nilioufahamu mimi ulikuwa wa Mzee Mbonde, fundi wangu. Alikuwa Mndengereko wa hapahapa, mtu mfupi, hajui kusoma wala kuandika, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unasoma. Gari likiletwa kwa shida ya breki, haulizi mengi. Anapanda kwenye kiti cha dereva, anavua kiatu, anafumba macho, anakanyaga pedali kwa mguu mtupu. Anakaa hivyo kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Halafu anashuka na kusema ugonjwa.

Alinifundisha hivi. Pedali ikishuka taratibu ukiwa umeikanyaga bila kuongeza nguvu, na huoni mafuta yamevuja popote, raba za ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, zimekwisha. Ikiwa mkanyago wa kwanza unakwenda chini, wa pili unapanda, wa tatu unasimama juu na kuwa mgumu, anzia breki za nyuma, breki shuu zimekaa mbali na dramu ya gurudumu, zinahitaji kusogezwa. Na ikiwa pedali inabonyea, inakurudisha kidogo, inabonyea tena, kama unakanyaga tope la mikokoni lenye maji chini yake, huo ni upepo umeingia kwenye mafuta. Mafuta hayabonyei. Upepo unabonyea. Alisema ukilishika hilo moja, umeshika nusu ya kazi.

Mimi nililishika. Shida yangu ilikuwa nusu nyingine.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa juu kwenye pedali, mwingine analala chini kwenye gurudumu, penye ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Wa chini anasema "kanyaga", wa juu anakanyaga na kushikilia. Wa chini anafungua skrubu, mafuta yanatoka na upepo, anafunga, halafu ndiyo anasema "achia". Wa juu akiachia kabla skrubu haijafungwa, gari linavuta upepo mpya ndani na mmefanya kazi ya bure. Kwa hiyo wa chini lazima awe na sauti. Mimi nilikuwa na sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye. Mzee Mbonde juu anauliza, "Umesema nini?" Mimi chini naona aibu kurudia. Yeye anaachia mguu, gari linavuta upepo. Asubuhi nzima tulikuwa tunaingiza upepo na kuutoa.

Mwishowe akaniambia niache kusema. Nigonge chesisi kwa spana, mara moja kanyaga, mara mbili achia. Tangu siku hiyo kazi ikaenda. Wateja walidhani ni utaalamu. Na ninyi mkiwa na bubu mwenzenu gerejini, mfanyeni hivyo.

Kabla sijafika ninapokwenda, niwape kisa kimoja kifupi ambacho hakinihusu, ili msije mkadhani mimi peke yangu ndiye mjinga wa wilaya nzima. Dereva mmoja alikuja na gari kutoka Ngorongo wakati wa kipupwe. Analalamika kwamba breki zinamgomea asubuhi, lakini ikifika saa sita mchana ni nzima kabisa. Tukilikagua mchana, halina kasoro. Mzee Mbonde akamwambia alilaze gari hapo, tuonane alfajiri. Alfajiri akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akaingiza kidole, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Mafuta ya nazi. Jamaa aliishiwa mafuta ya breki njiani, akaongezea ya mkewe ya kupakaa nywele. Asubuhi ya baridi yanaganda juu ya kikopo na kuziba tundu la kuteremkia, jua likitoka yanayeyuka. Tulibadilisha raba zote, maana mafuta ya aina hiyo yanazivimbisha. Mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Usiweke kingine chochote, hata kama kinanukia.

Haya. Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma alikuwa na haisi moja, kuukuu, rangi yake ya mwanzo ilishasahaulika. Alinunua kamba na samaki Nyamisati, kwa wavuvi wa kule visiwani, na kuwaleta Kibiti. Mwili wake ulikuwa mkubwa na sauti yake kubwa zaidi, na soko zima lilijua anachofikiri kabla yeye mwenyewe hajamaliza kufikiri. Alimwita Mzee Mbonde kaka, ingawa hawakuwa ndugu wa tumbo. Dereva wake alikuwa Saidi, mtoto wa shangazi yangu, binamu yangu, kwa hiyo aliruhusiwa kunitania atakavyo, na ruhusa hiyo hakuiacha ioze.

Gari la kamba lina ugonjwa wake. Barafu inayeyuka, inachanganyika na maji ya chumvi, inapenya sakafuni, inadondokea mabomba ya breki na kila chuma kilichoko chini. Haisi ya Bi Mwajuma ilikuwa imeliwa na chumvi. Kalipa za mbele, yale mataya ya chuma yanayobana diski ya gurudumu, zilikuwa zimeganda kwa kutu. Upande mmoja ulikuwa unabana na mwingine hautaki, gari likikanyagwa linataka kwenda kunywa chai upande wa kushoto.

Mzee Mbonde akaniambia nizitoe zote mbili, nizisafishe, niweke raba mpya. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na mke, sikuwa mwanafunzi tena. Nilijua kazi. Ndiyo aibu yake.

Sisi huku kutu ya chumvi tuliilainisha kwa ukwaju. Unachemsha ukwaju mzito, unatia chuma kilale humo usiku kucha, asubuhi unasugua kwa brashi, kinatoka kama kipya. Nikachukua sufuria kubwa ya mke wangu, Mwanaidi, bila kumwambia. Hilo ni kosa la pili, nitalieleza siku nyingine nikiwa na nguvu.

Kalipa ya kulia na ya kushoto zinafanana sana. Zinatofautiana mahali skrubu ya upepo ilipo. Mzee Mbonde alikuwa na desturi yake. Kabla ya kutia chochote kwenye ukwaju, anakifunga cha kulia uzi wa ukindu, ule wa kusukia mikeka, fundo moja. Hajui kuandika, lakini fundo lake halidanganyi. Mimi mwenye darasa la saba nikaona fundo la ukindu ni ushamba. Nikachukua chaki, nikaandika herufi kubwa nzuri, K kwenye moja na S kwenye nyingine. Kulia na kushoto. Nikasimama nikazitazama. Ni mara chache mwandiko wangu umenipendeza, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Lakini hata kabla ya ukwaju, fikirini kidogo. Kulia inaanza na K. Kushoto nayo inaanza na K. Hiyo S sijui niliitoa wapi. Nadhani nilifikiria "shoto". Ila hilo halikuleta madhara, kwa sababu asubuhi nilipozitoa kwenye sufuria hapakuwa na K wala S. Ukwaju ulikwishakula kutu na chaki pamoja. Kalipa mbili safi, zinang'aa, mapacha.

Ningekwenda kumuuliza mzee. Alikuwa hatua kumi kutoka hapo, anakunywa uji. Ningesema, fundi, nimechanganya, nisaidie kujua. Maneno yenyewe hayazidi matano. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini sikufunga ukindu, na pale alikuwepo Saidi. Nikazigeuzageuza, nikajiambia hii inaonekana ya kulia. Nikaifunga kulia. Ikaingia bila ubishi. Ile nyingine nikaifunga kushoto, nayo ikaingia. Nikafurahi. Ikiwa imeingia, si ndiyo yenyewe?

Hapana. Kwenye zile haisi za zamani kalipa ya kulia inaingia kushoto, na ya kushoto inaingia kulia, bila kukuambia kitu. Kinachogeuka ni skrubu ya upepo tu. Ikiwa mahali pake, iko juu. Ukizibadilisha, inakuwa chini. Na upepo, kila mtu anajua, unakaa juu. Ukifungua skrubu iliyoko chini, yatatoka mafuta safi bila povu hata moja, nawe utasema upepo umekwisha, kumbe umekaa juu yake unakusikiliza.

Ndivyo ilivyokuwa. Mzee Mbonde kwa sababu ya mgongo wake alikuwa anakaa juu kwenye pedali, mimi chini. Ninagonga mara moja, anakanyaga. Nafungua, mafuta safi. Nagonga mara mbili. Tukazunguka magurudumu yote manne, tukaanza upya. Akavua kiatu, akafumba macho.

"Upepo bado," akasema. "Mbele."

Nikamwambia mbele hakuna upepo, nimeangalia kwa macho yangu, mafuta yanatoka meupe. Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Yeye hakuwa na uwezo wa kulala chini, macho yake ya chini yalikuwa mimi.

Tukasogeza breki shuu za nyuma. Laini. Tukabadilisha raba za masta silinda. Laini. Tukabadilisha mipira ya mbele inayopitisha mafuta ya breki, nikisema huenda inavimba. Laini vilevile. Siku ya pili jioni Bi Mwajuma akasema anataka gari lake, wavuvi wanamsubiri. Mzee Mbonde alikuwa na sharti moja: fundi aliyefanya breki anakaa kiti cha mbele safari ya kwanza. Kwa hiyo Saidi akaendesha, mimi nikakaa mbele, tukaenda kujaribu kwa kuzunguka mpaka mbele ya soko. Tulipokaribia sokoni Saidi akakanyaga mara moja, mara mbili, mara tatu. Mimi nilikuwa nakanyaga breki ya upande wangu, ambayo haipo. Akavuta breki ya mkono, gari likasimama bampa ikiwa imegusa gunia la mkaa la mama mmoja. Yule mama aliinua gunia lake akalisogeza nusu hatua, akakaa tena.

Saidi akazima gari. "Binamu," akaniambia, "mke wako anajua unafanya kazi gani?"

Bi Mwajuma alikuwepo pale, na soko lilikuwepo. Akasema maneno ambayo kesho yake yalikuwa yamefika hadi Ruaruke. "Kaka yangu Mbonde nampenda, lakini mguu wake umezeeka. Siku mbili anakanyaga gari langu, kila akikanyaga anasema upepo, na upepo wenyewe haupo. Aupumzishe."

Niliyasikia nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. Niliporudi gerejini nilidhani mzee atakuwa na hasira. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kiatu kimoja kimevuliwa, anaugeuza mguu wake na kuutazama wayo kama mtu aliyechomwa mwiba asiouona.

"Omari," akasema, "labda mguu umeniacha kweli."

Wakati huo nilikuwa bado sijui kosa langu. Nilijua keshoye, na keshoye ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi ile ililetwa haisi nyingine kutoka Mloka, aina ileile, imevunjika springi kwa kukwepa nguruwe pori. Nikaipandisha jeki, nikatoa gurudumu la mbele, nikainua macho. Skrubu ya upepo ilikuwa juu. Nikazunguka upande wa pili. Juu. Nikaenda kwenye haisi ya Bi Mwajuma, nikapiga magoti, nikatazama. Chini. Upande wa pili, chini. Siku mbili nimelala uso kwa uso na skrubu ile, naifungua, naifunga, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mafuta yananidondokea kwenye mkono wa shati.

Mzee aliponiita twende msikitini, nikamwambia tumbo linauma. Mungu anisamehe, Ijumaa ile niliswali Adhuhuri yangu baadaye, peke yangu, mikono inanuka mafuta ya breki. Walipoondoka tu nikazitoa kalipa zote mbili, nikazibadilisha. Sikuwa na mtu wa kukanyaga. Kama hamjui, upepo unaweza kutolewa na mtu mmoja: unajaza kikopo juu, unafungua skrubu, unaacha mafuta yateremke yenyewe tone kwa tone, unajaza tena kikopo kabla hakijakauka. Ni polepole lakini kunafaa. Povu likatoka, likatoka, likatoka. Waliporudi kutoka msikitini gari lilikuwa chini na mimi nimekaa pembeni nimeshika tumbo, ambalo sasa lilikuwa linauma kweli.

Mzee akapanda, akakanyaga. Pedali ilikuwa juu na ngumu. Akakanyaga tena. Akashuka polepole.

Nilipanga kusema. Nataka mniamini hapo. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Lakini Saidi akapiga makofi, akakimbilia sokoni kumwita Bi Mwajuma, Bi Mwajuma akaja, akakanyaga mwenyewe, akasema, "Si mnaona? Ile masta silinda mliyofungua. Mafuta yalihitaji kutulia tu. Hapakuwa na upepo wowote." Na Mzee Mbonde akasema, "Inaonekana hivyo." Akavaa kiatu.

Nikakaa kiti cha mbele mpaka Nyamisati na kurudi. Breki zilishika vizuri kila mahali. Sijawahi kuchukia breki nzuri namna ile.

Ikapita wiki. Mzee alikuwa anakuja kazini kama kawaida, anafungua injini, anabadilisha klachi. Lakini akija mteja wa breki anamwambia aende gereji ya barabarani. Mmoja akabishana naye, akasema yeye tangu zamani anategemea mguu wake. Mzee akamjibu kwa upole kwamba mguu ulisema upepo pasipokuwa na upepo, na mguu wa namna hiyo unaua watu. Mimi nilikuwa nyuma yao nasafisha plagi. Nilisafisha plagi moja mpaka ikakaribia kuisha.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani nimeficha kosa langu. Kumbe kosa halikufichika, nilimpa mzee alibebe. Gari la Bi Mwajuma nililitengeneza. Mguu wa Mbonde ndio niliouharibu, na yeye alikuwa na kazi hiyo moja tu duniani.

Jumamosi Bi Mwajuma akaleta gari limwagwe oili. Alikuwa njiani kwenda Nyamisati, ana haraka, amesimama, Saidi kwenye usukani. Mzee yuko kwenye ndoo yake. Nikatoka chini ya gari nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo sana, Bi Mwajuma akaniambia kama naomba ruhusa ya kwenda haja niende tu. Nikarudia. Nikasema kalipa nilizifunga kinyume, nilizichanganya kwenye ukwaju, sikufunga ukindu, niliandika chaki. Upepo ulikuwepo siku zote mbili. Nikabadilisha Ijumaa wakati wa swala.

Saidi, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akaangalia usukani.

Bi Mwajuma ndiye aliyeanza. "Yaani wiki nzima nimemsema kaka yangu sokoni kwa makosa yako wewe?"

Nikasema ndiyo.

Mzee Mbonde hakunitazama. Aliuliza tu, "Skrubu zilikuwa chini?"

"Chini, fundi."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Akakuna goti. Nilisubiri kufukuzwa. Nilikwishaanza kufikiria nitamwambiaje Mwanaidi, kwanza habari ya kazi halafu habari ya sufuria.

"Zirudishe," akasema.

Nikamwambia nimekwishazirudisha, ziko sawa.

"Hapana. Zirudishe chini. Zifunge kama ulivyozifunga. Nataka nikanyage."

Saidi akasema gari linatakiwa Nyamisati, maji yanakupwa, boti zitaondoka. Mzee alimtazama Bi Mwajuma. Mama yule, ambaye sijawahi kumwona akimsubiri mtu hata dakika moja, akavuta kigoda akakaa.

"Kamba watakuwepo kesho," akasema. "Fungua, Omari."

Vijana, kukosea makusudi ni kazi ngumu kuliko kukosea kwa bahati mbaya. Nilifungua kalipa, nikazitoa, nikazifunga, nikasimama, Saidi akainama kuangalia akasema, "Binamu, ziko juu." Mkono wangu ulikuwa umezifunga sawasawa kwa mazoea. Nilishindwa hata kukosea. Nikazifungua mara ya pili, huku wapita njia wakiwa wameanza kusimama, na Bi Mwajuma akiwaeleza mmoja mmoja kinachoendelea na kwa kosa la nani. Nikazifunga chini. Tukatoa upepo kama tulivyofanya mwanzo, Saidi juu, mimi nikigonga chesisi. Mafuta yakatoka meupe, safi, bila povu. Uongo uleule.

Mzee Mbonde akapanda. Akavua kiatu. Akafumba macho. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena na kushikilia. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo. Mimi nilikuwa naomba pedali ile iwe laini kuliko nilivyowahi kuomba kitu chochote.

"Upepo," akasema. "Mbele. Pande zote mbili."

Akafumbua macho, akakaa pale juu kidogo bila kushuka. Bi Mwajuma aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akasema anakwenda sokoni na hatachelewa. Hakusema anakwenda kufanya nini. Tuliisikia sauti yake kabla hajafika kona.

Nilizifunga kalipa kwa mara ya tatu siku hiyo, na mzee alisimama juu ya kichwa changu na uzi wa ukindu mkononi. Jioni Mwanaidi alikuja mwenyewe gerejini kuchukua sufuria yake.

Mzee Mbonde aliendelea kushika breki miaka mingi baada ya hapo. Hakuwahi kunikumbusha kisa kile, ila kwa muda mrefu alikuwa akimaliza kukanyaga gari la mteja ananiita nami nikanyage, tunaulizana umesikia nini, ndipo tunafungua. Mguu wangu ulijifunza hivyo. Haukufika kama wake.

Nimemaliza nilichotaka kusema, na mkono umekufa ganzi. Sasa zamu yenu. Niandikieni, hata mistari mitatu, hata kwa penseli, mpeni dereva yeyote wa Nyamisati ataifikisha. Nami nitasoma polepole kama ninavyoandika. Nataka kujua kosa mlilolifunika, na ni nani anayelibeba sasa hivi akidhani ni lake. Lakini msianze na mimi. Kamwambieni yeye kwanza, halafu niandikieni alivyowajibu.

Wenu,
Omari, wa gereji ya zamani nyuma ya soko